Kiingereza Nilichomfunza Mamangu

Mamangu alikuja kufanya kazi kwenye shamba la maua kule Ndabibi baada ya kahawa yetu ya Subukia kukauka. Mimi nilikuwa karani wa ofisi palepale. Wanunuzi wa ng'ambo walipokaribia kuja kukagua shamba, meneja aliniagiza niwafunze wafanyakazi wapya Kiingereza cha kusalimia wageni: habari yako, jina langu ni fulani, karibu sana.

"Na wakiulizwa mengine?" nikamwuliza.

"Wajibu kwamba wako sawa."

Kwa wiki mbili, saa ya chakula cha mchana, niliwapanga watu kumi na mmoja nyuma ya stoo. Mama ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. Mbele ya wenzake aliniita "madam", na nilijua ananijivunia. Nyumbani nilimsikia akiosha sufuria huku akirudia, "Aam faini, thenkyu. Endi yuu?"

Ngozi ya mikono yake ilikuwa imeanza kubanduka. Alishinda akitoa majani kwenye waridi zilizopuliziwa dawa, na glavu za wafanyakazi wapya hazikuwa zimeletwa. Nilijua. Maombi ya glavu yalipitia mezani kwangu.

Wageni wakafika. Mmoja, mwanamke wa makamo, alimpa mama mkono, wakasalimiana vizuri, meneja akatabasamu. Kisha mgeni akautazama ule mkono, akauliza kwa Kiingereza umepatwa na nini, na kama unauma.

Mama hakuelewa. Alinitazama, akaona simtafsirii, akatoa jibu alilokuwa nalo.

"Aam faini, thenkyu. Endi yuu?"

Mgeni akanigeukia. Nikamwambia, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba mama huyu ni mgeni kazini, bado anazoea. Mama huyu. Sikusema ni mamangu.

Jioni akaniuliza, "Yule mzungu alitaka kujua nini?"

"Kama umeizoea kazi."

"Kwa hivyo nilijibu vizuri?"

"Vizuri sana, mathe."

Siku chache baadaye, mwenzake aliyesoma mpaka sekondari alimweleza ukweli. Mama hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti, akaweka mikono mapajani, akasema, "Sasa nifunze kusema mikono inaniuma."

Nikamfunza. Asubuhi alimsimamisha meneja getini, akayasema yote bila kukosea. Meneja akamwambia Kiingereza chake kimeendelea vizuri, akapita.

Aliacha kazi wiki hiyohiyo, akarudi Subukia. Glavu zililetwa baadaye. Mimi nilipandishwa cheo kwa jinsi nilivyowaandaa wafanyakazi, na nikakikubali. Leo mama hawezi kukunja vidole vikafunga. Ng'ombe wake anakamuliwa na jirani. Nikienda kumwona, namenya viazi, nafua, nateka maji. Yeye hukaa mlangoni akinitazama, na hajawahi kunishukuru.