Madeleni wa Mutsamudu

Nikisikia harufu ya nguo yenye wanga ikiguswa na pasi ya makaa, narudi Moroni, kwenye ua wa mamluki mmoja wa kizungu aliyemwajiri mama kumfulia magwanda yake meusi. Mama alikuwa na jina zuri alilorithi kwa bibi yake huko kwetu Mutsamudu. Mzungu hakujisumbua nalo. Alimwita Madeleni.

Siku moja nikamuuliza yule Mzungu huyo Madeleni ni nani.

"Mwanamke aliyemfuata Yesu," alisema, miguu juu ya meza. "Aliitwa Maria. Kwao ni Magdala, basi watu wakamwita wa Magdala. Madeleni ni hilohilo, kwa matamshi ya kwetu."

Mama aliikandamiza pasi. "Yeye angalau walimwachia mji wake," aliniambia kwa lugha yetu.

Tuliporudi Mutsamudu, jina lilikuwa limetutangulia. "Madeleni wa wazungu anapita!" walicheka wanawake vibarazani, wamejifunga leso alizowaletea mama kutoka Moroni. Likamganda mpaka uzeeni.

Siku aliyofariki, nilikuwa ndani na wanawake wenzangu tukimwosha. Nje, mwalimu wa chuo aliuliza jina la kumwitia kaburini wakati wa talakini, maiti anapofundishwa la kuwajibu malaika. Wanaume wakatazamana. Kisha jirani aliyekua naye mlango kwa mlango akajibu, bila haya:

"Madeleni."

Niliacha kata ya maji, nikafungua dirisha, nikalitaja jina la mama yangu kwa sauti iliyojaza kichochoro kizima. Tangu turudi, hakuna aliyekuwa amemwita hivyo pale. Mwenyewe hakuitika.