Siku Mujomba Kashindi Alipovaa Viatu

Sisi tuliokuwa watoto Uvira miaka ya uhuru na ya uasi uliofuata, barabara ilikuwa yetu. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ni kwamba magari hayakuwepo. Kwanza Wazungu waliondoka na yao, kisha esansi ya magari ikaisha, kisha kamio za mizigo zilizobaki zikafichwa, ao zikachukuliwa na waasi wakaziendesha mpaka zikafia njiani. Ikabaki barabara peke yake, upande huu ziwa, upande huu milima, katikati vumbi na sisi. Ungeweza kulala pale katikati tangu asubuhi mpaka mama yako akukumbuke. Nyani walikaa barabarani wakitoana chawa, wakatutazama kama sisi ndio wageni. Dada zangu wanasema nyani walikaa pembeni, si barabarani. Naandika yote mawili, maana shule yangu ilifungwa nikiwa mwaka wa ine wa primeri na sijui kama nina haki ya kubishana na mtu.

Mujomba Kashindi, mdogo wake mama, alikuwa na kinga, yaani baiskeli. Wajukuu zangu wanasema velo, sisi tulisema kinga. Akitoka mtaa wa Songo kwenda kusini kutafuta mawese alinipakia mbele, juu ya kile chuma, nami nikarudi nyumbani matako yana alama mpaka kesho yake. Lakini nani alijali. Tuliingia chini ya michikichi, kivuli kikatumwagikia kama maji, halafu ghafla miti ikaachana na ziwa likaonekana lote, jeupe, limetulia. Hakuna honi. Ulisikia mnyororo unavyolalamika, ulisikia mtu anapiga nguo kwenye jiwe mtoni kabla hujamwona. Kila kijito kinachoshuka mlimani tulisimama tukanywa. Ulijua umefika kijiji gani kwa pua tu: hapa wanachemsha mawese, hapa wanaanika samaki wadogo, ndagala, hapa mtu ameunguza bugali na hataki isemwe.

Kuhusu kusimama, lazima nieleze. Breki za ile kinga zilikufa zamani. Vipuri vilitoka Bujumbura, na mpaka wa Kavimvira siku zile ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo breki ilikuwa kisigino cha Mujomba. Aliendesha pekupeku. Akitaka kusimama aliinua mguu wa kuume, akakandamiza kisigino juu ya mpira wa mbele, na tukasimama vizuri sana, na harufu kidogo ya kuungua ambayo hatukujua ni ya mpira ao ya Mujomba. Mama alimwambia, "Kashindi, siku mguu wako ukiuma, ile kinga itakuwa yatima."

Ndipo ikaja arusi ya Yaya Nabindu, dada yetu mkubwa. Padri alikuwa amekimbia, kwa hiyo mambo yalifanywa ya kinyumbani: tumpeleke kwa wakwe zake, kijiji cha wavuvi nyuma ya kile kilima cha kusini. Nyinyi wa rika langu munajua namna bibi arusi alivyofika. Alifunikwa kichwa, akanyamaza, akatembea kama mtu anayepelekwa kuchapwa. Akifika mwanzo wa kijiji alisimama mpaka abembelezwe kwa zawadi. Kwenye lango la uwanja vilevile. Kwenye mlango vilevile. Aliyeingia bila kubembelezwa, jina lake lilikuwa moja, mwenye haraka, na jina hilo alizeeka nalo. Na huyu mama mukwe wa Yaya alikuwa amekwisha kurudisha msichana mmoja kwao kwa sababu alicheka mbele ya wazee. Yaya alimpenda huyo kijana, ingawa hakusema. Niliona tu alivyofua kitenge kimoja mara nyingi kupita uchafu wake.

Magari hakuna, basi tuliazima kinga za jirani. Mama akapanga: Mujomba atangulie na bibi arusi nyuma yake, mimi musindikizaji mbele na mwavuli, wengine wafuate na vyombo. Halafu akamtazama Mujomba miguu.

"Mutu hapeleki bibi arusi na miguu ya kuvutia nyavu," akasema.

Wakaenda kwa katekista wakaazima viatu vyake. Vya ngozi, vyeusi, vya kamba, vimepakwa mafuta mpaka unaona pua yako ndani. Katekista alisema visilowe, visikwaruzwe, visikunjwe. Mujomba alitembea navyo uwanjani kama bata, tukampigia vigelegele. Katika ukoo mzima, na wote walijua ile kinga, hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba tumeifunika breki.

Kupanda kilima tulisukuma, haikuwa na shida. Juu, Mama na wengine wakakaa kupumua. Sisi tukaambiwa tutangulie pole pole. Kwa haki, Mujomba alianza pole pole kweli. Kisha kilima kikachukua kazi.

Aliinua mguu, akakandamiza. Ngozi mpya juu ya mpira mzee, ni sawa na sabuni juu ya sahani. Akakandamiza tena. Michikichi ikaanza kupita haraka kuliko nilivyoizoea.

"Vua kiatu," akasema Yaya Nabindu chini ya kitenge. Bibi arusi hasemi njiani, lakini alisema.

"Iko na kamba."

"Kata kamba."

"Si yangu," akasema Mujomba, na mimi mpaka leo namheshimu kwa jibu hilo, ingawa karibu lituue.

Chini ya kilima kulikuwa na kizuizi cha waasi, wale walioitwa Simba. Nataka kuwa mwenye haki hapa. Mahali pengine walifanya mambo ambayo si ya kuchekesha, na aliyeyaona asinikasirikie. Mimi naandika nilichokiona siku ile: vijana wenye majani kichwani, mti wa mwanzi katikati ya barabara, na mmoja akainua mkuki akasema simama.

"Miye napenda kusimama," Mujomba akaitikia kutoka mbali. "Ni kinga ndiyo inakataa."

Sasa, dawa yao ya vita ilikuwa na masharti, na sharti kubwa lilikuwa mwanamke asiwaguse, la sivyo risasi itawapata. Na huku mwanamke anakuja kwa kasi, kitenge kimejaa upepo, na mbele yake mwanamke mwingine mdogo, mimi, ameshika mwavuli kama pembe. Mkubwa wao akasema, "Iko bibi arusi, musiguswe," wakaruka wote kwenye shamba la muhogo. Mmoja tu, mwembamba, aliinua ule mwanzi kwanza ndipo akakimbia. Jina lake sikulijua. Pengine aliogopa tu mti wake usivunjike, lakini ninamshukuru hivyo hivyo.

Mwanzo wa kijiji tulipita. Lango tulipita. Wanawake walioshika zawadi za kumbembeleza walibaki na mikono imenyooshwa hewani. Tukaingia uwanjani, tukakata kona kwa sababu ya kuku, na tukaishia katikati ya ndagala za mama mukwe zilizoanikwa mchangani, mavuno yake yote ya wiki. Mimi niliangukia huku, Mujomba kule, miguu juu ili viatu visikwaruzwe.

Mama mukwe akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alitazama barabara: hakuna msafara, hakuna vigelegele. Akatutazama.

"Huyu ameletwa," akauliza, "ao amejileta?"

Nilijua tumekwisha. Mujomba alianza kufuta vumbi kwenye viatu. Bwana arusi alijificha nyuma ya mtumbwi. Na Yaya Nabindu, aliyekuwa amekaa katikati kabisa ya ndagala, akavuta kitenge chake, akafunika kichwa vizuri, akainamisha shingo. Na hakuinuka.

"Simama basi," akasema mama mukwe.

Yaya akakaza kitenge.

"Weye, umekaa juu ya samaki wangu."

Yaya akashusha shingo zaidi. Mabata wa jirani walikuwa wamekwisha kusikia habari, wakaanza kuingia kwa upande wa ziwa. Mama mukwe aliwatazama mabata, akamtazama yule msichana, na nikamwona anaelewa. Akavua bangili yake, akaiweka mchangani. Yaya hakutikisika. Akaleta kitenge kilichokuwa bado na harufu ya duka. Yaya akasogea kidogo, ndagala zikalia chini yake, akakaa tena. Mama mukwe alipiga magoti mwenyewe, akasema mwanangu, nakuomba, na akataja mbuzi jike. Hapo ndipo Mama yetu alipofika na msafara, hana pumzi, akakuta mama mukwe amepiga magoti na bibi arusi bado anabembelezwa. Alidhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Akapiga kigelegele.

"Binti yako ni mzito kuinuka," mama mukwe akamwambia. Kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Leo barabara ile ina kamio na pikipiki kiasi kwamba kuivuka nahitaji mjukuu. Bibi arusi anakuja na gari, jipu yenye maua, honi tangu bandari ya Kalundu, anapiga simu mwenyewe kuuliza kama wali umeiva. Siwalaumu, pengine sisi tungekuwa na simu tungeuliza hivyo hivyo. Lakini jipu ina breki nzuri na bado hawasimami popote. Hawajui maji ya kijito gani ni matamu. Na mimi usiku huu nikitega sikio siusikii tena mnyororo wa mtu yeyote.

Yaya Nabindu yuko hai, na wajukuu wengi, na kiti chake kinatazama ziwa. Nimemuuliza mara nyingi kama siku ile ilikuwa akili, ao nyonga tu ilikuwa imemuuma akashindwa kuinuka. Ningependa kuandika ukweli. Kila mara anavuta kitenge, anainamisha shingo, anangoja. Nimekwisha kumpa sukari, nimempa sabuni, juzi nimempa kuku. Bado hajasema.