Kesho Buyenzi Kufunga

Atumani alikuwa mtu asiyekaa. Ukimpa kiti anasimama, ukimpa kikombe anakizungusha mpaka chai inapoa, na mfukoni hakukosa kipande cha chaki alichokisugua kwa kidole gumba hata akiwa kwenye matanga. Usiku mkewe Soumaya alilalamika kwamba anaandika juu ya godoro kwa kidole, herufi kubwakubwa, huku amefumba macho. Kazi yake ya awali ilikuwa kuchora vibao vya maduka, na mitaa mingi ya Buyenzi ilijaa mkono wake: kinyozi huyu, fundi wa magurudumu yule. Lakini tangu vita viharibu mambo Burundi mwaka wa tisini na tatu, watu waliacha kuandikisha vibao. Nani apake rangi mlango ambao hajui kama wiki ijayo ataufungua? Ndipo Kudra, mama mwenye mkahawa wa chai kwenye kona ya avenyu ya kumi na tatu, alipomwita akampa ubao mweusi na kazi ya ajabu kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya mkahawa kulikuwa na redio na kulikuwa na midomo. Wachuuzi waliotoka Gatumba walileta ya mpakani, makarani waliotoka Rohero walileta ya maofisini, na redio ilileta ya dunia. Atumani alisikiliza yote, kisha akatoka nje na kuandika kichwa kimoja cha habari, kimoja tu, upande wa barabara. Mwili wa habari ulibaki ndani. Ukiutaka, ingia, kaa, agiza chai na mandazi, ndipo usimuliwe.

Huenda ukaona ni kazi ya mchezo. Basi jaribu wewe kumsimamisha mtu wa Bujumbura wa miaka ile, anayetembea shingo imeinama, masikio yamewekwa upande wa vilima vya Kamenge kusikiliza kama kunalia risasi, na umfanye aache haraka zake kwa maneno matatu ya chaki. Atumani aliweza. Alijua kwamba mtu akiona jina la mtaa wake anageuka hata kama hataki. Alijua kuacha nje neno lile moja ambalo lingeeleza yote. MTU WA AVENYU YA NANE AKATAA KUZIKWA, aliandika siku moja, na mkahawa ukafurika. Kumbe ni mzee mmoja aliyejitoa kwenye chama cha kuchangiana mazishi baada ya kugombana na mweka hazina. BIBI HARUSI AKIMBIA, aliandika siku nyingine. Alikimbia kweli: mvua ilimkuta barabarani na gauni la watu. Watu walimtukana, wakacheka, wakaagiza kikombe cha pili, na kesho yake wakageuza shingo tena. Wanadamu ndivyo tulivyo, tunajua tunatiliwa chumvi na bado tunaonja.

Soumaya alijivunia. Yeye aliuza mawese kwenye soko kubwa la mjini, meza moja na Epiphanie, mama wa Kikristo aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, na wawili hao walisaidiana mpaka watu wakadhani ni ndugu. Kila asubuhi Soumaya alikipata kichwa cha siku kwa wapita njia, akamwambia mwenzake. Wakati huo tumbo lake la mimba ya kwanza lilikuwa limeanza kuonekana, na Atumani, ambaye hakuwahi kutulia, alizidi kuhangaika. Akawa anaamka kabla ya adhana na kuzunguka uani akitafuta maneno.

Ikafika ile siku ya mwisho ya Shaabani. Jana yake watu walikuwa wameutafuta mwezi mbinguni hawakuuona, kwa hiyo hapakuwa tena na ubishi: kesho ni Ramadhani. Kwa Kudra ilikuwa siku nzito. Kwa mwezi mzima hatawasha jiko mchana, na alitaka siku hiyo mkahawa ujae mpaka mlangoni.

Atumani akaandika: RAMADHANI YAANZA KESHO. Akarudi nyuma hatua chache akatazama. Mwendesha baiskeli akapita, hakugeuka. Wanawake wawili wakapita na ndoo zao, hawakugeuka. Na wageuke kwa nini? Hata mtoto wa Buyenzi alijua kwamba kesho ni Ramadhani. Chaki ikaanza kumwasha vidoleni. Akafuta kwa kiganja, akaandika: KESHO BUYENZI KUFUNGA.

Kudra alitoka na kitambaa mkononi, akasoma, akakunja uso.

"Atumani, funga gani hii?"

"Aah, mama Kudra, ndiyo hivyo wataingia kuuliza!"

"Siku hizi watu roho iko juu. Andika saumu."

"Saumu haina nguvu, mama. Ona, watu wanasimama tayari."

Na kweli walikuwa wanasimama. Kudra akatazama viti vyake vikijaa, akasita, akarudi jikoni.

Lazima niseme hapa neno hilo lilivyokuwa katika mji ule. Kufunga ni kujizuia kula, ndiyo. Lakini Bujumbura ya mwaka ule ilikuwa na siku za "ville morte", siku za mji kufa, ambapo vijana waliziba njia kwa mawe na matairi, na aliyetoka kwake alitoka kwa hasara yake. Mtaa ukifungwa, ulifungwa watu wake wakiwa ndani, na kilichofuata hakuna aliyependa kukisimulia. Atumani alijua hayo kama unavyojua wewe sasa. Alilipima neno, akaona lina pande mbili, na upande ule wa pili ndio uliompendeza.

Asubuhi ilikuwa tamu. Kila aliyeingia na macho yamemtoka aliambiwa, "Tulia, bwana, ni saumu," naye akapiga meza na kumwita Atumani mwana haramu, akacheka kwa ile furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Atumani alizunguka kati ya meza akisimulia na kujisifu. Hakuwafikiria wale wasioingia. Mwenye baiskeli ana mzigo, hasimami. Anasoma kichwa, anakaza mwendo, na huko aendako anakishusha kichwa hicho hicho bila mwili.

Adhuhuri ilipokaribia, viti vikaanza kuwa tupu. Atumani akatoka nje akamwona jirani yake Radjabu, fundi wa magari, anateremsha mlango wa bati wa gereji yake na jasho linamtiririka.

"Radjabu, unaenda wapi mbele ya adhuhuri?"

"Unaniuliza mi? Si we uliandika? Wanasema barabara zote zinafungwa kesho asubuhi, mutu hatoki, mutu haingii."

"Apana! Ni Ramadhani!"

Radjabu alimtazama kama mtu anayetazama mlevi, akafunga kufuli, akaenda. Nyuma yake familia moja ilipita na magodoro, nyingine na mbuzi. Atumani akakimbilia ubaoni akafuta kwa mkono wa shati. Hilo likaharibu zaidi. Mtu mmoja upande wa pili wa barabara alipiga kelele: "Mmeona? Wamemulazimisha afute!" Na habari hiyo nayo ikapata miguu.

Kudra alimshika mkono. "Soumaya iko wapi?"

"Sokoni."

"Apana, hayuko sokoni. Mutu amemuona penye magari ya Uvira. Anabeba na vitu."

Magari ya Uvira, ng'ambo ya mpaka, hupita barabara ya Gatumba, na barabara ile wiki zile ilikuwa inakula watu. Gari lilikuwa likipita salama, la nyuma yake likapigwa risasi kutoka kwenye matete, na hakuna aliyeweza kujua lake litakuwa lipi. Atumani alikimbia. Kandambili moja ilimtoka njiani, hakuirudia.

Lori lilikuwa limejaa, injini inanguruma, dereva anagombana na mtu juu ya vitanda. Soumaya alikuwa ameketi juu ya furushi, mkono mmoja tumboni. Pembeni yake alikuwa Epiphanie, mwanawe mgongoni.

"Soumaya, shuka!"

"Atumani! Nimekutafuta nyumbani hauko. Panda, panda haraka."

"Shuka, nakuambia. Hakuna kitu. Kesho ni Ramadhani, watu watafunga saumu, basi. Ni hiyo tu niliandika."

Lori zima liligeuka. Sasa tazama balaa la mtu aliyewapigia watu chuku miaka miwili: siku anapoleta ukweli mtupu, hakuna anayeupokea. Mzee mmoja alicheka kwa uchungu. "We? Leo ndiyo unasema hakuna kitu? Wamekutisha, sema tu."

"Wallahi, muzee, hakuna aliyenitisha."

Soumaya hakucheka. Alimtazama mumewe usoni, polepole, naye Atumani akaona aibu kabla hajajua sababu.

"Kama ni Ramadhani," Soumaya akauliza, "juu ya nini hukuandika Ramadhani?"

"Nilikosea neno."

"We hukosei neno. Mi nalala na we. Unafuta mara tano mbele ya kuacha neno moja. Kama unasema ulikosea, basi unanificha kitu, na mi nabaki hapa juu."

Dereva akapanda, mlango ukabamizwa. Atumani akashika ubao wa nyuma wa lori kwa mikono miwili. Angeweza kuapa tena, lakini viapo havikumsaidia. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja.

"Niliandika Ramadhani kwanza," alisema, na sauti haikutoka vizuri, ikabidi aseme tena kwa nguvu ili wote wasikie. "Niliandika Ramadhani, hakuna mutu aligeuka. Nikafuta. Nikaandika kufunga kwa kusudi. Nilijua mtashituka. Nilitaka mshituke, muingie, mnywe chai, niwachekeshe. Mama Kudra alinikataza. Mi ndiyo nilifanya hivi, hakuna mwingine."

Kisha mwanamke mmoja akamtupia kiatu, kikampata begani. Yule mzee akamtukana kwa Kiswahili, akaona hakitoshi, akahamia Kirundi. Lakini walikuwa wanashuka. Hakuna mtu anayejivika aibu ya namna ile kwa uongo, na wote waliliona hilo. Magodoro yakaanza kurushwa chini, vitanda, mbuzi. Soumaya alishuka kwa kushikwa mkono na watu wengine, si na mumewe. Atumani alipojaribu kumpokea furushi, alilivutia kwake.

Epiphanie hakushuka.

"Shuka basi," Soumaya akamwambia. "Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia." Epiphanie alikaza nguo iliyomfunga mtoto mgongoni. "Leo ni mchezo, sawa. Kesho kutwa je? Nimeshafunga vitu yangu, nimeshamwachia jirani funguo. Nikirudi leo sitapata nguvu ya kutoka tena. We rudi, una bwana. Mi naenda."

Walibaki wachache juu ya lori, kila mmoja akiwa na nafasi tele sasa. Dereva aliingiza gia. Soumaya alitembea kando ya lori akishika kidole cha mtoto wa Epiphanie, kisha akakimbia kidogo, kisha tumbo likamkataza, akaachia. Lori lilipita kona ya barabara ya Gatumba. Walisimama wakisikiliza, yeye na mumewe, mpaka mngurumo ulipopotea kabisa na hawakusikia kitu kingine.

Walirudi kwa miguu. Watu waliorudi na magodoro walimpita Atumani bila salamu, na yeye alitembea na kandambili moja, akichechemea. Alikuwa tayari kwa matusi ya mkewe. Aliyataka hata, maana matusi yana mwisho. Wakafika avenyu ya kumi na tatu. Penye ubao uliofutwa vibaya, ambako vumbi la chaki bado lilionyesha herufi, Soumaya alisimama.

"Pole," Atumani akasema. "Nisamehe. Ulitishika sana."

"Mi nilitishika, nimerudi. Apana mi wa kuambiwa pole." Aliweka furushi chini, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Epiphanie hakuwa anataka kuenda. Alisema ni maneno ya njiani, alisema tungoje. Hajui kusoma, Atumani. Hata huu ubao hajawahi kuuona. Ni mi nilimwambia, na nilisema kwa majivuno: hii ni kweli, ni bwana yangu ameandika."