Mbwa Akishiba Halindi

Juzi niliingia duka moja Karatu mjini nikakuta mfuko wa chakula cha mbwa, una picha ya mbwa mnene anayekaribia kutabasamu. Nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akaniangalia. Rafiki yangu, nilimkumbuka Popi, mbwa wetu wa kijijini Rhotia.

Bibi alimfuga alinde mahindi. Nguruwe pori walikuwa wakishuka kutoka msituni, na wakiingia shambani hawabakizi kitu. Sasa wazee wa pale walikuwa na msemo wao: mbwa akishiba halindi, analala. Basi Popi alipewa ukoko wa ugali asubuhi, imetoka hiyo mpaka kesho. Mbavu zake ungezihesabu ukiwa barabarani.

Mimi roho iliniuma. Jirani yetu alikuwa mpishi wa loji, na kila akitoka zamu alirudi na ndoo ya mabaki: mifupa ya kuku, viazi vya kukaanga, nyama iliyojaa vitunguu na pilipili. Nikawa namwomba, namlisha Popi nyuma ya ghala kwa siri. Niliona chakula cha watalii hakiwezi kumdhuru mtu, sembuse mbwa. Haikupita wiki, Popi akalala chini anatapika povu, hata mkia hautikisiki. Nikamweleza Bibi ukweli huku nalia. Hakunichapa. Alimwekea Popi mkono tumboni, kisha akanituma nikamwite bwana mifugo.

Yule baba alimpa dawa, akatugeukia. "Bibi unamnyima, mjukuu anamlisha sumu. Huyu atapona vipi?" Akatuelekeza: ugali laini na dagaa wa kuchemsha bila chumvi, majani ya maboga kidogo, yai likipatikana, maji safi muda wote. Mifupa ya kuku na vitunguu, marufuku.

"Kwa hiyo nimpikie kama mkwe?" Bibi akauliza.

"Mkwe huyu anakulindia shamba. Wale wengine wanakulindia nini?"

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Siku mbili nzima hatukujua kama ataamka. Ya tatu akanyanyua kichwa, akalamba supu ya dagaa kiganjani mwangu, taratibu, kama anayeonja. Tangu hapo jiko letu likanuka dagaa kila jioni, manyoya ya Popi yakaanza kung'aa, na msimu ule nguruwe hawakupata hata mstari mmoja wa mahindi. Majirani wakimtania, Bibi alijibu, "Simpikii mbwa mimi. Nimekosea kipimo cha unga tu, kikabaki." Akakosea kipimo miaka yote.

Siku hizi Bibi hayupo. Shamba limejengwa nyumba za wageni, nguruwe hawashuki tena, na watoto wa pale hawajui kelele za kuwafukuza. Popi alitangulia kabla ya Bibi, mzee, meno yamekwisha. Tulimkuta asubuhi mlangoni pa jiko, amejikunja kwenye jua, na bakuli lake limelambwa mpaka likawa jeupe.