Breki Zilizotundikwa Ukutani

Mwanangu, weka hiyo pawa, huo msumeno wako wa mashine, chini kwanza, ukae hapo kwenye gogo. Baba Akinyi, mume wangu, amesikia unachotaka, na amenyamaza, na wewe umedhani kunyamaza kwake ni kukubali. Sivyo. Kila mtu akimwomba jambo hilo, mguu wake wa kushoto huanza kumuuma, na mimi ndiye husema badala yake. Nimechanganya petroli na oili katika karakana hii tangu nilipoolewa, nguo zangu zinanuka petroli hata nikiwa kanisani, kwa hiyo usinione mama mzee ukafikiri sijui unachozungumzia.

Umesema, na nimekusikia vizuri: "Mama, hii breki inanisumbua, inajifunga kila saa. Mwambie Mzee aitoe tu, niende kazi." Umesema kama mtu aliyekuja kunyolewa ndevu! Nimeshtuka, mwanangu. Miaka yote hii, na bado nashtuka.

Sasa nisikilize. Nakumbuka miaka ile, nikiwa na mtoto mmoja tu mgongoni, huyo Akinyi ambaye leo ana wajukuu wake wa kubembeleza. Mume wangu wakati huo alikuwa kijana mtanashati, mwenye kiburi kidogo, na hapa Kombewa sokoni walimwita Daktari. Pawa iliyokataa kuwaka kwa mafundi wengine ililetwa kwake ikiwa imefungwa kwa gunia, na jioni mwenyewe alirudi nyumbani akiwa ameibeba begani inanguruma. Wapasua mbao walitoka Seme yote. Wengine walitoka mbali, huko Usenge, wale wanaokata miti ya kuundia mashua.

Na wengi wao walikuja na ombi lako hili hili. Kile kipande kinachosimama mbele ya mkono wa kushoto, ambacho mashine ikiruka kinagonga mkono na cheni inasimama papo hapo, kilikuwa kinawaudhi. Kinajaa unga wa mbao na oili, kinashika, na mtu anasimama katikati ya kazi anahangaika nacho. Kukisafisha kunataka kufungua kifuniko, kuosha, kukausha, kurudisha springi mahali pake. Kukitoa ni rahisi zaidi. Basi Daktari alikuwa anakitoa. Mteja anafurahi, anaondoka, na breki yake inabaki hapa.

Unajua alizifanyia nini hizo breki? Alizitundika kwenye waya, pale ukutani juu ya meza ya kazi, moja kando ya nyingine, kama samaki wanaokaushwa. Zikawa mapambo. Mteja mpya akiingia anaziona, anajua huyu ndiye fundi anayefanya pawa kuwa nyepesi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikizipangusa vumbi, na nilikuwa naona fahari, kwa kuwa nilikuwa mke wa Daktari na sikujua ninachokitazama.

Sasa nikueleze kuhusu mama yangu, halafu utaelewa kwa nini nashtuka mpaka leo.

Wewe ni kijana wa siku hizi, labda mama mkwe wako mnapiga naye picha kwa simu. Zamani zile haikuwa hivyo. Kwetu Wajaluo, mwanaume na mama mkwe wake waliheshimiana kwa kukaa mbali. Hawakupeana mikono. Hakumwona akila, wala yeye hakumwona mkwewe akila. Mama akitaka kumwambia neno, lilipitia kwangu, hata kama wamesimama uwanja mmoja. "Mwulize Baba Akinyi kama watu wa kwake hawajambo." Na mume wangu, akiwa anasikia kila kitu, anangoja mimi nirudie ndipo ajibu. Mama alikuwa mkali sana kwa mambo hayo. Sidhani kama mume wangu, katika miaka ile ya mwanzo, alikuwa amewahi kumwangalia usoni.

Basi mvua kubwa ilipiga, na mkalitusi mmoja wa zamani ukainamia ghala la mama. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa. Mume wangu akasema ataenda kuukata mwenyewe, bila malipo, kama mkwe mwema. Tukaenda, yeye na pawa yake begani, mimi na Akinyi mgongoni na kibuyu cha mafuta mkononi. Mama alitusalimia kutoka mlango wa jiko, leso amejifunga mpaka kifuani, macho chini, kisha akaingia ndani kusonga ugali.

Kaka yangu aliitazama ile pawa akauliza, "Omera, ndugu yangu, hii yako mbona haina ile kitu ya mbele?"

"Hiyo ni ya waoga," mume wangu akamjibu, na wanaume wote wakacheka. Nami nikacheka.

Mti ulianguka vizuri, lazima niseme ukweli. Ulilala pale pale alipoonyesha kwa kidole, na majirani waliokuja kutazama wakapiga vigelegele. Kilichobaki kilikuwa kukata matawi, kazi ya kumalizia tu. Alikuwa anaendelea huku akizungumza na watu. Hakuona kwamba chini ya majani kuna tawi jingine. Ncha ya pawa ikaligonga, na mashine ikaruka ikamrudia. Mkono wake wa kushoto ulikwenda mbele vile mkono unavyokwenda, mwanangu, mahali ambapo breki ingekuwa. Hapakuwa na kitu. Cheni iliendelea kuzunguka mpaka kwenye paja lake.

Sijui kama umewahi kuona damu inayoruka. Siyo ile ya kutiririka. Yawa! Mimi nilisimama na kibuyu changu, nikawa siwezi hata kupiga kelele. Kaka zangu, wanaume wenye ndevu, walisimama vilevile. Mmoja alikuwa ameshika kamba ya mti, na aliendelea kuishika kwa nguvu zake zote, ingawa mti ulikuwa umeshaanguka.

Aliyetoka mbio ni mama.

Alitoka jikoni na mwiko mkononi, unga bado umeushika. Alipiga magoti mbele ya mkwewe, mbele ya watu wote, akapasua suruali yake, akaweka goti lake juu ya paja la mume wangu akalikandamiza. Kisha akafungua leso kifuani mwake, akabaki na gauni la ndani, mama yangu, ambaye hata mimi sikuwahi kumwona hivyo. Akaizungusha leso juu ya jeraha, akapitisha mwiko, akaanza kuusokota. Wanawake waliokuwa uwanjani walifunika midomo. Bibi mmoja aligeuza uso akaomba Mungu kwa sauti, na sikujua anaomba kwa ajili ya damu au kwa ajili ya aibu.

Mume wangu alikuwa anafumba macho. Na hata katika hali ile, naapa, alikuwa amegeuza uso pembeni kwa heshima.

Mama akamshika kidevu kwa mkono wenye damu. Hakupitishia neno kwangu. "Nitazame," akamwambia. "Nitazame mimi! Usifunge macho. Ukifunga nitakupiga." Na mume wangu akamtazama.

Walikaa hivyo, jicho kwa jicho, mpaka gari la mchuuzi wa samaki likapatikana. Tulimlaza nyuma katikati ya makreti, mama akapanda naye, bado ameshika mwiko. Hospitalini daktari aliuliza ni nani aliyefunga mguu namna ile, maana bila hivyo mgonjwa hangefika. Nikasema, "Mama mkwe wake." Muuguzi mmoja, msichana wa huku kwetu, alimgeukia mama na leso yake iliyolowa, akaelewa ni desturi gani imevunjwa, akaketi kwenye benchi kwa mshangao. Mama naye alikuwa ameshageuka, anatazama ukuta.

Maneno yakaja baadaye, usidhani hayakuja. Ndugu wa baba walikutana. Baba mdogo mmoja, ambaye siku ile ya ajali hakuwepo wala hangefaa kitu kama angekuwepo, alisema mwiko wa ukwe umevunjwa, lazima mbuzi achinjwe watu watakaswe. Mama aliwasikiliza mpaka wakamaliza. "Mchinjeni," akasema. "Nyama nitakula. Lakini msiniombe niseme kwamba najuta." Mbuzi akachinjwa, na akala kweli.

Nilifikiri mambo yameisha hapo. Mume wangu alirudi karakanani na magongo yake mawili. Alikaa kwenye kiti badala ya kusimama, akaanza tena kazi ndogo ndogo, kunoa cheni, kubadilisha plagi. Na wateja wakaja tena na ombi lao. Sijui angewajibu nini. Siku hiyo hiyo, kabla hajamjibu mtu, mama alifika.

Alikuwa hajawahi kukanyaga hapa. Mama mkwe haendi kwa mkwewe hivi hivi tu, kwa hiyo nilipomwona barabarani na kapu lake nilishtuka nikadhani kuna msiba. Alisimama mlangoni, pale ulipoegemeza pawa yako. Alimpa mgongo mume wangu, adabu yake yote imerudi. Lakini kabla hajageuka alikuwa ameuona ukuta.

"Mama Akinyi," akaniambia, "mwulize Baba Akinyi, vile vitu vilivyotundikwa pale ni nini."

Mume wangu alisikia. Hakungoja nirudie. "Mwambie Mama ni breki," akasema polepole.

"Mwulize ni breki za nini."

"Mwambie ni za pawa za watu. Kama ile niliyoitoa kwenye yangu."

Nje kulikuwa na mtu anapiga kelele za kuuza omena, wale dagaa wa ziwani.

"Mwulize," mama akasema, "wenyewe wako wapi."

Mume wangu aliinua macho akazitazama zile breki, moja baada ya nyingine. Niliona uso wake ukibadilika rangi. Mwanangu, hata siku ile ya damu sikumwona na uso ule. Alijaribu kusimama, gongo moja likaanguka.

"Mwambie Mama," akasema, "wako kazini."

Nami ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimeishi chini ya waya ule, nimeupangusa vumbi kwa kitambaa changu, na sikuwahi kufikiri kwamba kila breki iliyo hapa ni mkono wa mtu mahali fulani unaokwenda mbele usikute kitu.

Mama hakupandisha sauti. "Mwambie kila mmoja wao ana mama mkwe," akasema. "Lakini leso yangu ilikuwa moja, na imeshaharibika." Akaweka kapu chini, mayai na kuku mmoja wa mgonjwa, akaenda zake.

Mume wangu alifunga karakana. Mguu ulikuwa haujapona, jeraha bado linatoa maji, lakini alipanda nyuma ya baiskeli ya kaka yangu, breki zimetiwa kwenye gunia, wakaanza kuzunguka. Walimfuata kila mtu hadi msituni, mtoni, mahali pa kupasulia mbao. Wengine walimcheka. Mmoja alikataa kabisa, mpaka mume wangu akamwonyesha paja. Alizirudisha zote kwa mikono yake, akazisafisha vile alivyopaswa kuzisafisha tangu mwanzo, na hakuchukua hata shilingi.

Ninasema zote, lakini geuka utazame ukutani. Ile pale.

Huyo hatukumpata. Alikuwa kijana wa upande wa Usenge, anakata miti ya mashua, mwenye mwanya na kicheko kikubwa. Mafuta yake nilimchanganyia mimi. Alinishukuru, akamchezea Akinyi shavu, akaondoka. Hatukumwuliza jina. Tulikwenda fuo zote za kule, tukauliza waunda mashua, tukaeleza mwanya wake na kicheko chake. Kila mtu alifikiri, kisha akatikisa kichwa. Hatujui kama alizeeka akaona wajukuu au kama hakufika hata mwaka ule. Mpaka leo nikisikia pawa inalia upande wa ziwani, halafu ikanyamaza ghafla, mimi husimama na kikombe mkononi mpaka iwake tena. Hiyo siwezi kukueleza ilivyo.

Kwa hiyo sikia ninachokwambia. Breki yako haitatolewa hapa. Inajifunga kwa sababu ni chafu, na Baba Akinyi ataifungua aisafishe, ungoje hapo kwenye gogo hata kama kazi inakuita. Kitu kikikukera kazini, kabla hujakiondoa uliza aliyekiweka alikuwa anaogopa nini. Na ukienda kwa fundi akakubali kila unachomwomba, akacheka nawe, akachukua pesa, ujue huyo hajakufikiria wewe hata kidogo. Mtafute yule atakayekukatalia. Na ukipata mtu wa kuvunja heshima zake zote ili upate kupumua, mrudishie heshima kwa kutomlazimisha kukuokoa hivyo mara ya pili.

Mungu akulinde, mwanangu. Mti uanguke unakotaka wewe, cheni isimame unapotaka isimame, urudi kwako jioni na miguu yako miwili, mama mkwe wako azeeke na leso zake zote.

Umekunywa chai? Haya, Baba Akinyi, lete bisibisi. Na wewe, kabla hajafungua chochote, niambie: unaitwa nani, na nyumbani kwenu ni wapi?