Koti la Mashine ya Nje

Katika nyumba ya fundi cherehani mmoja hakikuwepo kitu kilichokaa uchi. Televisheni ilikuwa na kitambaa, redio ilikuwa na kitambaa, ndoo ya maji ilikuwa na kikofia chake cha lesi, na hata pasi ikishapoa ilivishwa mfuko. Majirani walimwita Mama Vitambaa, naye hakuchukia. Kwake yeye, kufunika kitu ndiyo kukipenda.

Ndiyo maana mume wake, dereva wa lori, alipomfungia mama yake kiyoyozi chumbani, mke aliionea huruma ile mashine ya nje. Ya ndani ilikaa zake raha mustarehe. Ya nje ilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya kibaraza anachoshonea, inapigwa jua, inanyeshewa, na ndege nao hawana adabu. Akachukua futi, akapima, akakata mabaki ya pazia zito, akashona koti lenye mpira chini. Lilikaa kama foronya mpya. Siku hizo zilikuwa za mvua na baridi, kiyoyozi hakikuwashwa, basi hakuna aliyewaza lolote.

Jua liliporudi, mambo yakaharibika. Kiyoyozi kilipuliza kidogo, kikanguruma, kikakata. Na daktari alikuwa amesema wazi kwamba moyo wa mama mkwe hauwezi joto.

Wifi wa Mama Vitambaa alikuja kumwona mama yake, akatoka chumbani anajipepea kwa mtandio.

"Wifi, mama mnamwoka humu! Kesho jioni naja na gari. Anahamia kwangu."

Mama Vitambaa alimtazama mama mkwe kupitia mlangoni. Huyu mama alimpokea akiwa bibi harusi asiyejua hata kuwasha jiko, akamfundisha kila kitu bila kumtangaza. Leo aondolewe mikononi mwake kama mtoto aliyeshindwa kulelewa? Alimwomba Mungu amwonyeshe njia, kisha akampigia simu fundi wa viyoyozi.

Fundi alifika asubuhi, mtu mzima mwenye maneno mengi. Akazunguka nyuma, akasimama.

"Dada, mashine ya nje iko wapi?"

"Si hiyo hapo mbele yako."

"Mimi naona godoro."

"Ni koti. Naikinga na vumbi."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada yangu, hii ndiyo inayotoa joto la chumbani ikalimwaga nje. Sasa likitoka linakutana na pazia, linarudi. Hebu kimbia huku umefungwa blanketi usoni, uone kama utafika."

Alizima swichi kubwa, akalivua lile koti. Lilikuwa la moto kama nguo iliyotoka chini ya pasi. Nyuma yake, mbavu nyembamba za bati zilikuwa zimejaa nyuzi na manyoya ya vitambaa, yote ya kibarazani, yaliyovutwa na feni kupitia uwazi wa chini ya koti. Mama Vitambaa aliona hata uzi wa zambarau wa gauni aliloshona mwezi uliopita. Aibu ilimshika.

Fundi aliyaondoa manyoya kwa brashi laini, akampa bomba la maji.

"Mwagia taratibu, usiminye. Hizi mbavu zikipigwa na maji ya nguvu zinalala, upepo haupiti."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua ni ndugu yake. Wewe ipishe tu. Ndoo usiiegemezee, nguo usiianikie, na cherehani sogeza kule."

Maji yalitiririka meusi, kisha ya kijivu, kisha safi. Walipoiwasha tena, feni ilivuta pumzi ndefu, ikazunguka bila kukata. Mama Vitambaa akasema, "Mungu ashukuriwe," akakimbilia ndani na koti lake kwapani.

Chumba kilianza kupoa. Bila hata kufikiri, alimvutia mama mkwe shuka mpaka kidevuni.

"Haya, na mimi nivue," mama akasema.

"Mama?"

"Nimesikia yote dirishani. Mimi na hiyo mashine yako tumevishwa koti moja. Kikombe nashikiwa. Nywele nachanwa. Nikinyoosha mkono nichukue kitu, umeshafika. Unadhani nilimkubalia wifi yako kwa sababu ya joto? Kule nitapewa hata vitunguu nimenye."

Mama Vitambaa aliketi ukingoni mwa kitanda. Miaka yote alikuwa akimwomba Mungu ampe mama mkwe wake mapumziko, na mapumziko yenyewe yakawa mzigo. Alilishusha shuka hadi magotini.

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini, mwanangu? Lete hilo koti. Na kifumulio chako, nilifumue mwenyewe."

"Mama, kina ncha kali..."

Mama akamtazama tu. Mama Vitambaa akaenda kukileta. Akatamani kumshikia kitambaa kikae sawa, akaikalia mikono yake.

Jioni wifi aliingia na begi tupu. Alimkuta mama yake ameketi wima, miwani puani, nyuzi zimetapakaa kitandani kote, chumba kimepoa. Mama Vitambaa alikuwa kibarazani, akivuta cherehani upande wa pili.

"Mama, gari liko nje. Twende."

"Gari la nini?" mama akasema bila kuinua macho. "Huoni nina kazi? Nikimaliza mshono huu wa mpira, kuna pande mbili bado. Na kitambaa chenyewe ni kizuri, kitatoa foronya. Wewe begi lako liweke chini, unishikie huku."