Neno Sumu kwa Brashi Kavu

Siku moja ya Rongai haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana uliifufua uliponionyesha tangazo lako la kisima cha Kiamunyi. "Maji haya hayanywewi," umeandika, kwa herufi zile za kompyuta zinazoiga brashi iliyokauka: zimelala upande, zimeshikana mikono, kingo zimechanika kama kamba kuukuu. Nilivaa miwani na bado nikababaika. Nimekasirika, na sitaficha.

Herufi hizo nazijua tangu kabla hujazaliwa. Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, fundi Njoroge wa Bondeni aliziandika kwa mkono. Aliifuta brashi hadi ibaki na rangi kidogo, akaivuta ukutani kwa pigo moja, na kila unywele ukaacha mchirizi wake. Ungedhani jina la hoteli limeandikwa na upepo. Watu walisimama kutazama. Kizuri chajiuza.

Basi nyapara wa shamba tulilofanyia kazi akamwita aandike SUMU kwenye magunia ya mbegu ya mahindi iliyotiwa dawa ya wadudu. Njoroge akaandika kwa madaha yale yale, na nyuzi za gunia zikazidisha mikwaruzo. Mama alipokwenda ghalani kuchukua posho, akabeba gunia mojawapo. Vumbi la dawa tulilidhani la ghala. Tukayaosha mahindi, tukayachanganya na maharagwe, tukainjika. Wadogo zangu walikuwa wameshashika sahani.

Njoroge akapita kuomba maji ya kunywa, akaliona gunia mlangoni.

"Mama, hiyo ni sumu! Kwani husomi?"

Mama aliipua sufuria, akamwaga yote shimoni, akafukia. Ndipo akamgeukia.

"Nasoma Biblia kila Jumapili, Njoroge. Hiki chako nilidhani ni ua."

"Lakini si mwandiko ni mzuri, mama?"

"Mzuri! Nyumba yangu ikiungua utaniimbia? Si utapiga mayowe? Hawa watoto ningewazika na mwandiko wako mzuri!"

Akamrudisha ghalani. Njoroge akaandika upya, herufi nene, wima, kila moja imesimama peke yake. Mama alikaa nyuma yake, na hakumruhusu kugusa gunia la pili kabla yeye hajalisoma la kwanza kwa sauti.

Mwanangu, sisemi uitupe herufi hiyo. Iweke kwenye jina la duka au bango la harusi, maneno mawili makubwa, mahali mtu ana nafasi ya kusimama na kufurahia. Lakini penye hatari, andika kama anayepiga mayowe. Kifo hakipambwi. Na kabla hujabandika, mwite jirani mwenye macho hafifu akusomee.

Sasa nenda kisimani ukalibandue tangazo lako, ubandike la herufi nene, kabla wanawake hawajafika na mitungi. Mungu aujalie mkono wako urembo, lakini kwanza aujalie huruma.